Soma Sarafu Mpaka Ukingoni

Watu wanaoniandikia kuniuliza kuhusu sarafu za zamani walizozikuta kwenye makasha ya wazee wao hunitumia picha moja, na picha hiyo karibu kila mara ni ya upande wenye kichwa cha mtu. Swali huwa ni lilelile: "Kaka, hii inaweza kuuzwa bei gani?" Mimi huomba kwanza picha ya upande wa pili, kisha picha ya ukingo, kisha picha ya karibu ya herufi ndogo zilizojificha chini, na hapo wengine hunyamaza kwa kudhani kwamba ninakwepa kujibu. Sikwepi. Kila sehemu ya sarafu imepewa kazi yake, na aliyetazama kichwa peke yake bado hajaiona sarafu. Nimeona nizieleze sehemu hizo kwa urefu, kwa mifano ya fedha zilizopita mikononi mwa watu wa Afrika Mashariki, kwa sababu naamini kwamba vitu vingi vya historia yetu vinapotea kwa kukosa mtu wa kuvieleza sawasawa.

Upande wa mbele nauita uso, na upande wa nyuma nauita mgongo. Uso ni upande unaobeba mamlaka iliyotoa fedha, hata kama upande wa pili una picha ya kupendeza zaidi. Sarafu za Kenya zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye shilingi tano, simba kwenye shilingi kumi na tembo kwenye shilingi ishirini, na watu wengi huanza kuzieleza kwa wanyama hao. Lakini mamlaka imekaa upande wa pili, kwenye nembo ya taifa, na kwa hiyo nembo ndiyo uso na mnyama ni mgongo. Ukitaka kujua kama pande hizo mbili zimepangwa sawasawa, shika sarafu kwa vidole viwili juu na chini, uso ukiwa wima, kisha izungushe kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye shilingi ya kikoloni ya Afrika Mashariki simba atasimama wima kama kawaida. Kwenye sarafu za Marekani picha ya nyuma itakuwa kichwa chini, kwa sababu wao hupanga pande zao kinyume. Mpangilio wa pande mbili ni jambo la kuandikwa katika maelezo ya sarafu yoyote, kwa kuwa sarafu iliyogongwa na mhuri (chuma chenye picha kinachoibana sarafu) uliokaa upande hutafutwa sana na wakusanyaji.

Picha kuu ndiyo inayoipa sarafu jina mitaani, na hapa wazee wetu wa pwani walikuwa hodari kuliko sisi. Katika karne ya 19, Zanzibar ilitumia fedha za mataifa mengi kwa wakati mmoja, na watu walizitofautisha kwa majina ya Kiswahili. Riale ya Hispania yenye nguzo mbili waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zile, ambazo Wahispania walizichora kuwa Nguzo za Herkules, machoni mwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi zilikuwa mizinga miwili iliyosimamishwa. Waarabu nao waliiita kwa jina la mzinga. Ile ya Malkia Maria Theresa wa Austria waliiita reale ya Sham. Hakuna aliyehitaji kusoma Kilatini ili kujua ameshika fedha gani. Macho yaliisoma picha, na picha ikatosha. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipotoa pesa zake za shaba za mwaka 1299 wa Hijria, unaoangukia 1881 na 1882, aliweka picha ya mizani, alama ambayo kila mwenye duka la nafaka au karafuu aliielewa.

Riale ya Maria Theresa inastahili kushikwa mkononi muda mrefu kuliko sarafu nyingine yoyote ninayoifahamu, kwa sababu ndani yake kila sehemu ina jambo la kusema. Ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1000. Kwenye uso kuna kiwiliwili cha malkia mwenye ushungi na taji dogo la lulu, na chini ya bega lake herufi S.F., ambazo ni za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby. Kwenye mgongo kuna tai mwenye vichwa viwili, na mwishoni mwa maandishi kuna mwaka 1780 ukifuatwa na alama ndogo ya msalaba uliolala. Malkia alifariki Novemba 1780. Sarafu iliendelea kugongwa baada ya kifo chake, mwaka ukiwa uleule, na katika karne ya 20 iligongwa hata Rome, London, Paris na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Arabia, Ethiopia na pwani zetu hawakutaka nyingine. Walikuwa na sifa ya kuikagua kwa makini: waliangalia lulu za taji, pini ya begani, na hizo herufi S.F., na sarafu ambayo vitu hivyo havikuonekana vizuri waliirudisha. Watu hao walikuwa wasomaji wa sarafu kwa maana kamili ya neno, ingawa wengi wao hawakujua hata herufi moja ya lugha iliyoandikwa juu yake.

Kwa hiyo anayenitumia picha ya riale yenye mwaka 1780 akiamini kuwa ana kitu cha karne ya 18 ninalazimika kumwomba picha za karibu za lulu, za pini na za manyoya ya mkia wa tai. Mwaka ulioandikwa haumwambii chochote. Sehemu ndogo ndizo zinazotenganisha riale ya Günzburg na ile iliyogongwa wakati wa vita vya Waitalia Ethiopia.

Eneo tupu lililo kati ya picha na maandishi naliita uwanda. Wengi huliona kuwa si kitu, lakini ndilo linaloonyesha kwanza kama sarafu imetunzwa au imeharibiwa. Sarafu inapotoka kiwandani uwanda huwa na mng'ao wa chuma kilichobanwa kwa nguvu, na mng'ao huo haurudi ukishaondolewa. Kuisugua sarafu kwa ndimu na majivu, au kwa waya wa kusafishia sufuria, kunaacha mikwaruzo myembamba ambayo mnunuzi mwenye kioo cha kukuzia ataiona papo hapo. Picha zilizoinuka nazo huchakaa kuanzia sehemu ya juu kabisa: nywele juu ya sikio, shavu, nyonga ya simba. Tafadhali, iacheni sarafu na rangi yake.

Maandishi yanayoizunguka picha nayaita maandishi ya mzingo, na kwangu mimi ndiyo sehemu tajiri kuliko zote, kwa sababu picha inaweza kudumu miaka mingi huku maandishi yakibadilika kimyakimya. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, simba akiwa mbele ya milima, na simba huyo alibaki mpaka mwisho wa ukoloni. Lakini angalia uso wa shilingi hiyo. Maandishi ya Kilatini ya enzi ya George V na ya miaka ya kwanza ya George VI yanamtaja mfalme kuwa pia ni mtawala wa India. Kuanzia shilingi ya 1948 maneno ya India hayapo tena, kwa sababu India ilikwisha kujitawala mwaka 1947. Mtu wa Mwanza au wa Kisumu aliyelipwa mshahara kwa shilingi ile mpya alikuwa ameshika tangazo la kuvunjika kwa himaya kubwa, na pengine hakuna aliyemweleza. Madini ya fedha nayo yaliondolewa kuanzia shilingi hiyo ya 1948: shilingi za awali zilikuwa na robo ya fedha halisi, na zile za 1948 zikawa za mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Kenya huru inatoa mfano mwingine ambao huwa napenda kuueleza taratibu. Sarafu za 1966 zilikuwa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta bila maandishi yoyote ya kumtaja. Zile za 1969 zikaongezewa maandishi ya mzingo yanayomtaja kwa jina na kusema kuwa ni Rais wa Kwanza wa Kenya. Sura ni ileile. Ninaposoma maneno hayo naona kwamba neno "wa kwanza" linakiri kuwa atakuja wa pili, na kwa upande mwingine linamweka mtu mmoja mwanzoni mwa hesabu ambayo haiwezi kubadilishwa. Tanzania ilikuwa imeyaweka maneno "Rais wa Kwanza" kwenye sarafu zake tangu toleo la 1966, na kwa Kiswahili. Baadaye Kenya ikamweka Rais Moi, ikatoa shilingi 40 yenye sura ya Rais Kibaki mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ikamrudisha Mzee Kenyatta mwaka 2005, na hatimaye Katiba ya 2010, katika Ibara ya 231, ikakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Ndiyo maana sarafu za 2018 zina nembo usoni. Ukizipanga sarafu hizo mezani kwa mfuatano wa miaka utaona mjadala mzima wa nchi kuhusu madaraka ya mtu mmoja, na mjadala huo umeandikwa kwenye chuma kilichonunulia mkate na maziwa.

Kuna sarafu zisizo na sura kabisa, na hizo zinamlazimisha msomaji ayategemee maandishi. Senti tano na senti kumi za kikoloni zilikuwa na tundu katikati, na pembe za ndovu mbili kando ya tundu. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kichwa, uso ulibeba taji na jina la mfalme badala ya sura yake. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja, mwaka 1936, akajiuzulu Desemba kabla ya kutawazwa, na sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa wananchi. Lakini senti zetu zenye tundu, zilizohitaji jina tu, zilikwisha kugongwa na kusambazwa kwa jina lake. Mfalme ambaye sarafu zake hazikumfikia muuza samaki wa London alipita mikononi mwa wauza samaki wa Dar es Salaam na Mombasa. Mtu anayesema "nina senti kumi ya kikoloni yenye tundu" bila kusoma jina lililoandikwa juu ya tundu anaiacha hadithi hiyo yote nje.

Ukirudi nyuma zaidi utakuta sarafu za shaba za Kilwa, ambazo hazina sura, hazina thamani iliyoandikwa, wala mwaka. Zina maandishi peke yake. Sarafu ya Ali bin al-Hasan ina jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya Kiarabu yenye maana kwamba anamtumaini Bwana wa neema, na pande hizo mbili zina vina: al-Hasan upande huu, al-minan upande ule. Sijui namna nzuri zaidi ya kuunganisha uso na mgongo. Ili uusikie mshororo mzima ni lazima uigeuze sarafu, na aliyeibuni alijua kwamba mwenye kuipokea ataigeuza. Sarafu za Kilwa zimeokotwa mbali na nyumbani kwake: moja ilipatikana Great Zimbabwe, na mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota nyingine tano kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Kwa kuwa hazina mwaka wala jina la mji, kilichowawezesha wataalamu kuzitambua ni majina ya masultani na mpangilio wa maneno yale.

Chini ya picha mara nyingi kuna mstari, na chini ya mstari huo sehemu ndogo yenye umbo la mwezi mchanga. Mimi huiita kitako, kwa sababu picha yote imekalia hapo. Kitako hubeba mwaka au neno moja zito. Kwenye dhahabu ya rupia 15 iliyogongwa Tabora mwaka 1916, tembo amesimama mbele ya milima, mkonga juu, na chini ya miguu yake kuna mwaka.

Sarafu hiyo ndiyo njia nzuri ya kuieleza alama ya kiwanda, yaani herufi inayoonyesha sarafu iligongwa wapi. Wajerumani walikuwa vitani, meli za Uingereza zimezuia mizigo kutoka Ulaya, na serikali ya koloni haikuwa na fedha ya kuwalipa watu wake. Karakana ya reli huko Tabora ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu, dhahabu ikaletwa kutoka mgodi wa Sekenke, na zikagongwa sarafu zipatazo 16,000 kabla ya majeshi ya Kongo ya Kibelgiji kuuteka mji huo Septemba 1916. Herufi moja ndogo, T ya Tabora, inawakilisha haya yote. Na kwenye uso, upande wa tai wa Ujerumani, kuna jambo dogo zaidi: ncha ya nakshi ya kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA (Afrika Mashariki kwa Kijerumani) katika baadhi ya sarafu, na chini ya herufi A katika nyingine. Mihuri ilichongwa kwa mkono, ndiyo sababu ya tofauti hiyo, na wakusanyaji huzihesabu kuwa aina mbili. Kwenye shilingi za simba pia zipo herufi kama hizo: H ni ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni ya King's Norton, SA ni ya Pretoria wakati wa Vita Kuu ya Pili. Shilingi mbili za mwaka mmoja zenye herufi tofauti ziligongwa kwenye viwanda tofauti.

Ukingo huachwa mwisho kwa sababu haupigiki picha kwa urahisi. Meno yaliyochongwa ukingoni yalianza kama kinga: fedha na dhahabu zilipokuwa na thamani ya uzito wake, wezi walizipunguza pembezoni kwa mkasi au tupa, na ukingo wenye meno au maandishi ulimfichua aliyekata. Uingereza iliandika kwenye ukingo wa sarafu zake kubwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "pambo na kinga", na riale ya Maria Theresa ina maneno ya haki na huruma. Leo hakuna anayeikata sarafu ya nikeli, lakini ukingo umepata kazi nyingine ambayo naithamini zaidi. Asiyeona huzitambua fedha zake kwa vidole. Shilingi hamsini ya Tanzania yenye kifaru na ndama wake ina pembe saba, na senti kumi ya mwaka 1977 yenye punda milia ilikuwa na ukingo wa mawimbi, kwa hiyo kidole kiliweza kuitenga bila msaada wa jicho.

Katika medali, ukingo ni muhimu kuliko uso na mgongo kwa pamoja. Nitoe mfano wa medali ya utumishi wa Afrika, iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1902, ambayo askari wengi wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, walitunukiwa. Utepe wake ni wa manjano, una pindo nyeusi na mistari miwili ya kijani. Juu ya utepe hukaa kipande cha chuma chenye jina la vita, kwa mfano Jubaland, au Kenya kwa wale wa miaka ya 1952 hadi 1956. Uso una mfalme au malkia. Mgongo una mwanamke anayeiwakilisha Uingereza, simba kando yake, na kwenye kitako neno moja: AFRICA. Mpaka hapo medali zote za enzi moja zinafanana, na askari mwenyewe hayumo. Yumo ukingoni, mahali zilipogongwa namba yake ya jeshi, cheo chake, jina lake na kikosi chake.

Familia nyingi zina medali ya babu ambayo imesuguliwa kila sikukuu kwa miaka mingi, na kila msuguo umekula sehemu ya jina. Kwa hiyo ninapoombwa ushauri huwa nasema: msiisafishe tena. Isimamisheni kwa ukingo wake karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukija kwa ubavu, muizungushe polepole huku mtu mmoja akisoma na mwingine akiandika. Andikeni kila herufi kama ilivyo, hata kama karani wa Kiingereza alilikosea jina kwa kulisikia vibaya, wala msilirekebishe. Herufi isiyosomeka iachieni nafasi. Zaidi ya yote msiiruke namba, kwa kuwa akina Juma na Ali walikuwa wengi katika kila kombania, na katika daftari za jeshi namba ndiyo inayomtenga babu yenu na wenzake wenye jina hilohilo.